Mtamba Pacha wa Dume

Kwetu pacha hatafutiwi jina. Majina yapo tayari, moja la anayetangulia na moja la anayefuata, na mtu yeyote nchini akilisikia anajua papo hapo kwamba una mwenzako. Mimi ndiye niliyefuata. Kaka yangu alinitangulia kwa muda wa kukamua ng'ombe mmoja. Mama alipenda kusema hivyo. Kwa hiyo maisha yangu yote, kabla sijakaa vizuri kwenye kiti cha mtu, nimeulizwa: "Pacha wako wa kike au wa kiume?" Siku hizi najibu bila shida. Lakini kuna miaka, kuanzia katikati ya ile ya sabini, ambapo swali hilo lilinikausha mate.

Tulifika Usangu mwanzoni mwa miaka hiyo tukitokea Usukumani, baba akifuata majani na maji. Mwaka wa pili ng'ombe mmoja wa baba, mwenye baka jeupe usoni, alizaa mapacha, dume na jike. Ng'ombe kuzaa mapacha si jambo la kila siku, na baba, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, siku hiyo alicheka. Alituita mimi na kaka, wakati huo tukiwa na miaka kumi na mmoja, akasema mabasa wapewe mabasa. Mabasa ni pacha kwa Kisukuma. Kaka akapewa ndama dume, mimi nikapewa jike.

Nyumbani kwetu mtoto wa kike kupewa mtamba lilikuwa jambo kubwa. Kaka alichopata ni dume mmoja, basi. Mimi nilipewa ndama wa baadaye, na ndama wa hao ndama. Nilikuwa nikilala nikiwahesabu. Nilimchunga yule mtamba mwenyewe, nikamtoa kupe kwa vidole, na kaka aliponitania kwamba namdekeza kama mtoto mchanga, nilimjibu kwamba ana wivu.

Mtamba akakua. Akakua sana, ndiyo iliyokuwa shida. Shingo ilinenepa kama ya maksai, chuchu zikabaki ndogo kama maharage, na madume walimpita kana kwamba hayupo. Mitamba wa rika lake walizaa, wakazaa tena. Siku moja jioni, tukiwa zizini, baba alisimama akamtazama kwa muda mrefu, halafu akajipiga kwenye paji la uso.

"Hii haitazaa," alisema. "Marehemu baba alituambiaga. Mtamba ikizaliwa na dume haizaagi. Dume inaiharibu humo humo tumboni. Nilisahau kabisa. Furaha ilinisahaulisha."

Mama alikuwa anakamua. Aliinua uso akamtazama mtamba, kisha macho yake yakatoka kwa mtamba yakaja kwangu, yakakaa. Akarudi kukamua. Mambo yote yaliyofuata yalianzia pale.

Wenzangu wengi walivunja ungo kabla yangu, na kila mwezi uliopita mama alikuwa akiniuliza kwa sauti ya kujifanya hajali. Mambo yalipofika hatimaye nilimkimbilia kwa furaha, maana nilijua mtamba wangu hakuwahi kuonyesha dalili hata moja ya joto la kutaka dume. Nilidhani nimeshinda kesi. Mama akanipa vitambaa, akanifundisha, kisha akasema, "Sawa. Lakini damu si mtoto." Nilimchukia siku ile. Sasa nimekuwa mama na nikikumbuka nadhani alikuwa anajizuia yeye mwenyewe asitumaini, ila ningependa angejizuia kimoyomoyo.

Nilisoma, nikafaulu, nikaingia chuo cha mifugo huko Mbeya. Watu waliona ajabu, msichana kusomea ng'ombe. Sikuwaambia kwamba nilikuwa na ng'ombe mmoja nyumbani niliyetaka kumwelewa.

Mwalimu wetu wa anatomia alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, mwenye koti jeupe lililojaa madoa ambayo sabuni ilishakata tamaa nayo. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ile ya Mbeya inayopasua midomo, alitupeleka machinjioni. Darasa zima tulikuwa wasichana wawili tu. Juu ya meza ya saruji aliweka viungo vya uzazi vya mtamba aliyechinjwa asubuhi hiyo, akasema, "Nitafutieni mfuko wa uzazi."

Tukatafuta. Tulipindua huku na huku, hatukuuona. Palipotakiwa kuwa na mfuko palikuwa na kitu chembamba kama kamba ya kiatu.

"Huyu alizaliwa pamoja na dume," mwalimu alisema, na mimi nikafungua daftari.

Akaeleza. Alisema kila kijusi, awe dume au jike, huanza akiwa na njia mbili, moja ya kike na moja ya kiume, kama mtu mwenye vitambaa viwili ambaye hajaamua ashone kipi. Kijusi akiwa dume, korodani hutangulia kujitengeneza, zikiwa ndogo kuliko punje ya mchele, na zikishakuwepo huanza kutuma ujumbe kwa njia ya damu. Ujumbe huo ndio homoni. Zipo za namna mbili. Moja huiambia njia ya kiume ikue. Nyingine, ambayo wataalamu walikuwa bado wanaichunguza na walikwisha kusema ni ya aina ya protini, huiambia njia ya kike inyauke. Nayo hutii. Bila protini hiyo dume angezaliwa na mfuko wa uzazi tumboni.

"Sasa ng'ombe," aliendelea, "wakiwa pacha, makondo yao ya nyuma huungana na mishipa inaungana. Damu ya dume inapita kwa dada yake. Ule ujumbe haukuwa wa kwake, lakini mwili wake haujui hilo. Unatii. Mfuko unanyauka, na hata vifuko vya mayai vinaanza kujifanya korodani. Karibu mitamba wote wa namna hii hawazai."

Niliandika kila neno. Mkono uliandika wenyewe. Yaani yale maneno ya babu yangu, mchungaji asiyejua a wala be, yalikuwa kweli, na sasa yalikuwa na homoni na protini. Nilishika lile neno "karibu" kama mtu anayeshika unyasi mtoni.

Mwanafunzi mmoja akauliza kuhusu mbuzi. Mwalimu akasema kwa mbuzi na kondoo hutokea kwa nadra. Nikasubiri mtu aulize kuhusu binadamu. Hakuna aliyeuliza. Ningenyoosha mkono mimi? Wote pale walijua jina langu, na kwa kulijua walijua mimi ni pacha. Wangegeuka wote pamoja. Na yule mwalimu mpole angeniuliza, mbele ya wavulana wale, pacha wangu ni wa kike au wa kiume. Nikanyamaza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tulikuwa tukiimba shule ya msingi, na mimi nilikuwa mwimbaji mzuri.

Kutoka siku hiyo niliacha kuogopa. Nikaanza kujua, au kudhani najua, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mafunzo ya vitendo yalinipeleka Ilula, mkoani Iringa. Huko palikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Kihehe, Mlutheri, mama yake mkulima wa nyanya mwenye ng'ombe wanne. Nilimjua siku ng'ombe wa mama yake alipokwama kuzaa. Ndama alikuwa amekunja mguu mmoja. Nilijipaka sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono, nikaunyoosha, tukavuta, yeye akiwa nyuma yangu ananishikia taa ya chemli ingawa palikuwa mchana, kwa sababu aliambiwa ashike kitu na hakujua ashike nini. Ndama alipopiga chafya mama mtu akanishika mikono ile ile yenye damu. "Kamwene, mwanangu," akasema kwa salamu ya Kihehe, "mkono wako ni mwepesi." Kijana bado ameishika taa.

Nilimpenda. Sitazunguka hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache na akikuuliza swali alisubiri jibu. Mara mbili au tatu nilianza kumwambia, tukiwa tunatembea kwenye matuta ya nyanya, na kila mara nilijiambia kesho. Aliposema atatuma washenga kwa baba nikasema sawa. Nilijua ninachojua na bado nikasema sawa. Nilikuwa namtaka, na nilikuwa mwoga. Viwili hivyo vikikutana ndani ya mtu mmoja huwa havina aibu.

Washenga walikuja wawili, baba yake mdogo na mzee mmoja wa kanisa, wakiwa wamevaa makoti na wamechoka na vumbi. Siku mbili kabla yake baba aliniita.

"Mtamba wako amenona," alisema. "Wageni ni wageni wako. Nimchinje?"

Nikakubali. Hakuwa na kazi nyingine duniani, maskini. Sikuona alichokuwa anakiwaza baba.

Wageni walikula vizuri. Mimi nilikuwa jikoni, ukuta wa fito na udongo, unasikia hata mtu akikohoa. Mazungumzo yalianza kwa utani, wakasema wameona ua zuri kwetu, baba akajibu kwamba maua yanataka maji. Kila kitu kilikuwa kinaenda. Halafu nikasikia kigoda kikisogezwa. Baba alikuwa amesimama.

Lazima nimweleze baba yangu. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kumpa mtu ng'ombe mwenye dosari bila kuitaja. Akikupa ng'ombe mwenye teke atakuambia ana teke. Akikupa anayetupa mimba atakuambia, hata kama umeshamkubali na umeshika kamba. Watu walitoka mbali kuja kwake kwa sababu hiyo, na sisi watoto tulijivuna. Ndiyo heshima aliyokuwa nayo.

"Wageni wangu," alisema, "hii nyama mnakula ni ya mtamba aliyezaliwa na dume. Tumemchinja kwa sababu alikuwa hazaagi. Kwetu sisi tunajua, mtamba akilala tumbo moja na dume anaharibikaga. Huyu binti yangu mnayemtaka alizaliwa na kaka yake. Huyo pale. Sijui kama atazaa. Nadhani hatazaa. Nawaambieni leo, msije mkasema kesho kwamba huyu Msukuma alituficha."

Nilisikia mtu akiweka mfupa kwenye sahani. Halafu yule mzee wa kanisa akasema, kwa adabu kabisa, kwamba wamesikia, na wanamshukuru mzee kwa ukweli wake, na watakwenda kutafakari. Kila anayejua mambo ya posa anajua maana ya kwenda kutafakari.

Na mimi? Mimi ndiye niliyesoma. Ningeweza kutoka nje nikasema chochote. Lakini ningesema nini? Nilikuwa nimeuona mfuko wa uzazi uliokauka kama kamba ya kiatu, kwa macho yangu, juu ya saruji. Nilikaa pale jikoni nikichochea moto ambao hauhitaji kuchochewa, na kichwani nilikuwa naona damu ya kaka ikipita kwangu, ikiniambia ninyauke. Nilimkasirikia baba kwa kulisema. Halikunijia hata mara moja kwamba alilosema lilikuwa uongo.

Kaka alikuwa amenyooshewa kidole mbele za watu kama aliyeiba. Kwa wiki kadhaa hakula sahani moja na mimi. Siku moja akanifuata kisimani akasema, "Kama ni mimi, nisamehe." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia asamehewe na nani, na kwa nini, wakati sote wawili humo tumboni tulikuwa hatuna hata masikio. Alibeba ndoo zangu zote mbili mpaka nyumbani.

Kutoka Ilula ilikuja barua. Fupi. Aliandika kwamba ameambiwa yaliyosemwa, na kwamba angependa kusikia kutoka kwangu. Sikujibu. Baada ya miezi ikaja ya pili, inauliza kama nimepata ya kwanza. Nayo sikuijibu. Nilijiambia namhurumia, apate mke wa kumzalia. Uongo mtupu. Niliona aibu, na nilipendelea anifikirie nina kiburi kuliko kuandika kwa mkono wangu kwamba mimi ni tasa.

Nilimaliza chuo nikapangiwa Iringa. Mwaka mmoja na ushei baadaye niliitwa Tosamaganga kwa mama mmoja, mkunga mstaafu aliyekuwa amezalisha wanawake zaidi ya miaka thelathini na sasa anafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba yake. Ng'ombe wake alikuwa amezaa mapacha. Dume na jike. Alitaka kujua amlishe jike vipi ili awe wa maziwa.

"Usihangaike naye," nikamwambia. "Mnenepeshe umchinje. Pacha wa dume hazai."

"Hata mmoja?"

"Karibu hata mmoja." Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu alikuwa mgeni kwangu na mikono yake ilikuwa na ujasiri, nikaongeza, "Tuko wengi."

Akaweka ndoo chini. "Mko wengi akina nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mtamba, machinjioni, homoni, protini, washenga, nikiwa nimesimama kwenye samadi na viatu vya mpira. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika. Nilidhani atanionea huruma, kumbe anakasirika.

"Nani alikuambia habari ya watu?"

"Mwalimu alisema..."

"Alisema watu?"

Nikajaribu kulikumbuka daftari langu.

"Mwanangu, makondo ya mapacha nimeyashika kwa mikono hii. Nimeyageuza, nimeyakagua kila mshipa, maana ukibakiza kipande mama anakufa. Mapacha wa kike na wa kiume, kila mmoja ana kondo lake na mishipa yake. Hata yakigusana, kila moja lina damu yake. Ng'ombe ndiyo yanaungana. Wewe na kaka yako mlikuwa majirani tu, kila mtu na mlango wake. Nimezalisha wanawake waliozaliwa na kaka zao mpaka wao wenyewe wamechoka kuzaa. Na wewe msomi, hukuwahi kumuuliza mtu? Mficha uchi hazai, hujasikia?"

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari la chuo. Mwalimu hakuwa amekosea hata herufi. Kila sentensi niliyoandika siku ile ilikuwa na neno ng'ombe. Binadamu nilimweka mimi.

Nililia, lakini si kwa furaha, na mtu akisema ningepaswa kufurahi namwelewa ila simkubalii. Mtakaouliza, ndiyo, miaka ilipopita niliolewa na nikazaa, watatu. Hayo ni habari nyingine na mtu mwingine.

Likizo niliyopata kwanza nilikwenda Usangu. Nilikuta baba na mama na kaka wamekaa, nikawaeleza kama nilivyoelezwa, nikichora makondo mawili chini kwa kijiti, ya ng'ombe upande huu, ya watu upande ule. Mama alifunika mdomo kwa kanga. Kaka aliinuka akaenda zizini, akakaa huko muda mrefu. Baba aliitazama michoro ile.

"Kwa hiyo niliwaambia wageni uongo," alisema.

"Hukujua, baba."

"Nilisema. Mbele yao. Na nyama yangu ikiwa mdomoni mwao."

Nilimwambia imekwisha. Nilimwambia nimesikia yule kijana ameoa, ndoa imefungwa kanisani, ana mke. Hakunisikia, au alisikia akaona hayo ni mambo mengine. Kwake neno baya alilolisema juu ya mnyama wa mtu, au mtoto wa mtu, lilikuwa deni la kwenda kurudisha pale pale ulipolichukulia. Kesho yake alivaa koti, akachukua fimbo, akapanda basi la Iringa. Mama alimsihi. Mimi nilimfuata hadi barabarani nikimwambia atatuaibisha. Aliniambia nirudi nikamsaidie mama yangu.

Alirudi siku ya tatu. Alikuwa na kapu la nyanya walilompa, nyanya ngumu nzuri, zilizopangwa kwa majani. Alikaa, akanywa maji, na hakuna aliyethubutu kumuuliza, kwa hiyo nikauliza mimi.

"Nimewaambia," alisema. "Wote walikuwepo. Nikasema yale niliyosema si kweli, mtoto wangu hana dosari, mimi ndiye nilikosea."

"Mke wake alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alinipakulia chakula. Mtoto mzuri."

"Wakasemaje?"

"Walisema asante, mzee." Akanywa maji tena. "Yule kijana alinisindikiza mpaka stendi. Njia nzima hakusema. Basi lilipofika ndipo akaniuliza kitu kimoja. Aliuliza kama wewe mwenyewe uliamini."

Nilikuwa nimeinama naondoa nyanya kwenye kapu. Sikuinua kichwa.

"Nikamwambia ndiyo, aliamini. Nilikosea tena?"

"Hapana, baba," nikasema. "Hukukosea."